Maumivu ya ndoa si jambo la kumezwa Hulugho

Mwanamke wa Hulugho atamsimulia jirani uchungu wa kujifungua tangu wa kwanza hadi wa mwisho, na jirani atatikisa kichwa kwa huruma. Maumivu ya tendo la ndoa, hayo huyameza. Akizidiwa hufikia kilicho karibu: samli ya jikoni, Vaseline ya mtoto, au mate. Duka la dawa halimjii akilini, na hata likimjia, ataanzaje kusema mbele ya kijana wa kaunta?

Mji huu, ulio kusini mwa Kaunti ya Garissa kuelekea mpaka wa Somalia, una sababu zake za kulizungumza jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba eneo la Kaskazini Mashariki, wanawake 98 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa Kenya nzima ulikuwa 21. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa mwaka 2011, na ni ngao ya binti wa leo. Mama wa miaka arobaini tayari ana kovu lake. Kovu halivutiki kama ngozi nzima, na penye ukavu hukwaruzika. Tena ukavu wenyewe hauchagui. Humpata anayenyonyesha, kwa kuwa homoni ya estrojeni hushuka. Humpata aliyekoma hedhi. Humpata hata anayemeza baadhi ya dawa za mafua na mzio.

Kipo cha kumsaidia: kilainishi, yaani jeli au majimaji ya kupunguza msuguano wakati wa tendo la ndoa. Lakini kimepewa jina baya kwa sababu ya njia kiliyopitia. Nchini Kenya kilijulikana zaidi kupitia miradi ya kukinga Ukimwi, pamoja na kondomu, kwa hiyo wengi wakakiona kuwa kitu cha danguro. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipatikane kwa mtu yeyote mwenye maisha ya ndoa au mapenzi anayekihitaji. Mke wa halali anayeumia kila usiku ndiye wa kwanza kustahili.

Lakini si kila jeli ni salama, na hapa ndipo penye somo. Anayetengeneza nyirinyiri anajua chumvi inavyofanya kazi: nyama mbichi ikipakwa, baada ya muda sahani hujaa maji na vipande husinyaa. Jeli iliyokolezwa kupita kiasi huufanyia uke vivyo hivyo. Huvuta maji kutoka kwenye utando, seli hunyauka na kubanduka, na mlango wa maambukizi hufunguka. Ukolezi huo una kipimo chake, osmolaliti. Damu ya binadamu ina takriban 290 mOsm/kg. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani, shirika la idadi ya watu la Umoja wa Mataifa (UNFPA) na shirika la FHI 360 walishauri kilainishi kisizidi 1,200, na bora kiwe chini ya 380, huku asidi yake, yaani pH, ikikaribia 4.5 kama ya uke wenyewe. Jeli nyingi zinazouzwa duniani huvuka kiwango hicho kwa sababu ya gliserini na propilini glikoli.

Tyubu nyingi haziandiki namba hiyo. Basi igeuzwe, isomwe orodha ya viambato: gliserini ikitajwa mara tu baada ya maji, ina maana imo kwa wingi. Manukato, ladha za matunda na vya kutia joto viachwe dukani. Klorheksidini pia, kwani huua bakteria wema wanaoulinda uke.

Na nonoksinoli-9 isikubaliwe kabisa. Dawa hii ya kuua mbegu za kiume ilitumainiwa kukinga VVU, ikajaribiwa kwa wanawake wanaouza ngono jijini Nairobi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba haikuwakinga, bali iliwaongezea vidonda. Jaribio kubwa zaidi lililofuata Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand likathibitisha kwamba walioitumia mara nyingi waliambukizwa zaidi. Wanawake wa Nairobi walilipa kwa miili yao ili wengine wajue. Kulipuuza somo lao ni dhuluma.

Mafuta nayo yana masharti. Katika jaribio la maabara la mwaka 1989, mafuta ya madini yaliipunguzia kondomu ya mpira takriban asilimia 90 ya nguvu zake kwa sekunde 60 tu. Anayetumia kondomu achague kilainishi cha maji au cha silikoni. Cha silikoni hudumu zaidi. Cha maji hukauka upesi, ila huoshwa kwa urahisi. Wanaotafuta mtoto wajue kwamba mate na jeli nyingi huzipunguzia mbegu mwendo, hivyo waulizie iliyopimwa kwa ajili yao.

Kuna mahali ambapo jeli haitoshi. Aliyeshonwa kwa tohara ya kifirauni huenda akahitaji kufunguliwa na mtaalamu hospitalini. Anayetoka damu baada ya tendo, au baada ya kukoma hedhi, aende akapimwe, asijifiche nyuma ya tyubu.

Wapo watakaosema kuvunja haya kumekatazwa. Bi Aisha, mke wa Mtume Muhammad, aliwasifu wanawake wa Ansari wa Madina kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao, na maswali yao mengi yalihusu mwili. Basi muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, Hulugho, Ijara na Masalani, amuulize kila mama kwa faragha na kwa Kisomali: je, unaumia? Na idara ya afya ya kaunti ihakikishe kwamba mama akijibu ndiyo, kilainishi salama kipo kwenye rafu ya zahanati, bila kumtaka aeleze zaidi ya hapo.