Kidude cha kupima kishindo hakitoshi bila amri

Tukisikia askari ameumia kichwa, wengi wetu hufikiria vita. Lakini ubongo huweza kuumia hata kambini, wakati wa mazoezi, pasipo adui wala damu. Mwalimu wa mabomu ya kutupa kwa mkono, mpiga mizinga, na anayefyatua roketi begani, wote hupigwa na wimbi la hewa kila mlipuko unapotokea. Pigo moja huenda asilihisi. Yanayotia hofu ni mamia ya mapigo kwa miaka mingi.

Huko Marekani walitengeneza vidude vidogo vya kupima kishindo hicho. Kuanzia mwaka 2011 askari wao nchini Afghanistan walivaa vitatu: kimoja nyuma ya kofia, kingine kifuani, kingine begani. Taa ya kijani, njano au nyekundu ilionyesha ukubwa wa pigo. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba vimewekwa kando, kwa kuwa havikuweza kusema kwa hakika nani ameumia na nani mzima.

Kwa maoni yangu sababu hiyo haikutosha. Kipimajoto nacho hakitaji jina la ugonjwa, lakini hatukitupi. Kazi ya kidude ni kuweka hesabu. Kuchunguza ni kazi ya daktari. Pasipo hesabu, askari anayelalamika miaka kumi baadaye ataulizwa ushahidi, naye hana.

Agosti 2024 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa agizo lililo bora zaidi. Mgandamizo ukifikia paundi 4 kwa kila inchi ya mraba, hatua za kupunguza hatari zichukuliwe. Wasiohusika wakae mbali. Askari wapya wapimwe kumbukumbu na wepesi wa kufikiri, ili baadaye pawe na cha kulinganisha.

Hilo ndilo la msingi. Kila pigo liandikwe katika faili la askari, na daktari awe na uwezo wa kumpumzisha hata kamanda asipopenda. Wala taa ya kijani isitumike kumnyamazisha anayeumwa.

Nawe mzazi au mke wa askari, ukiona amekuwa msahaulifu, hapati usingizi, kichwa kinamuuma mara kwa mara au ana hasira zisizo na sababu, usikimbilie kusema ni ulevi. Mpeleke hospitali, mkamweleze daktari ni kazi gani anayoifanya kambini.