Mali Bila Daftari: Haki ya Mkulima Katika Safari ya Baridi



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii umeisoma darasani, na yamkini umekwisha kuitungia sentensi. Leo nataka tuitumie kupimia jambo lisilozungumzwa sana hapa kwetu Uganda, ingawa linagusa mifuko ya watu wengi: usafirishaji wa vyakula vilivyopozwa na vilivyogandishwa kwenda ng'ambo kwa njia ya bahari. Hoja yangu ni moja. Kontena la baridi hujiandikia lenyewe daftari la joto lake safari nzima. Mnunuzi wa ng'ambo huweza kulidai daftari hilo na akalipata; mkulima mdogo, ambaye ndiye anayekatwa fedha shehena ikiharibika, mara nyingi halioni kamwe. Naona hiyo ni dhuluma, na kuiondoa ni wajibu wa raia.

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kupoza si kugandisha. Minofu ya sangara wa Ziwa Victoria, ambaye hapa Uganda tunamwita mputa, husafiri baharini ikiwa imegandishwa, katika nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Parachichi, ambalo wengine huliita ovakado, hupozwa tu, hadi nyuzi 5 au 6 hivi. Tunda hilo huendelea kupumua hata baada ya kuchumwa. Likipata joto, huiva njiani. Likizidiwa na baridi, nyama yake huwa nyeusi. Ndiyo sababu hewa ya ndani ya kontena mara nyingi hupunguzwa oksijeni na kuongezwa kabonidayoksaidi, ili tunda lipumue polepole.

Hata hivyo, kupoza na kugandisha kuna sharti moja la pamoja: baridi huahirisha uharibifu, haiufuti. Saa tatu ambazo tunda lilianikwa juani hazirudishwi na mashine yoyote. Tena kontena la baridi limeundwa kudumisha ubaridi, si kuuleta. Matunda yaliyopakiwa yakiwa na joto la shambani hayatapoa ipasavyo humo ndani; ni lazima yapozwe kwanza katika chumba cha baridi.

Sasa hesabu mikono inayohusika. Yupo mchumaji, na yupo mlinzi wa chumba cha baridi ambaye umeme hukatika mbele ya macho yake. Yupo dereva, ambaye jenereta ya lori lake haina budi kunguruma safari yote ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mombasa. Yupo afisa wa mpaka kule Malaba, na yupo mfanyakazi wa bandari anayeliunganisha kontena na umeme. Mwisho wapo mabaharia. Watu hawa hawajuani, lakini kila mmoja ameshika ahadi aliyopokea kwa mwenzake. Mmoja akiiangusha, kosa halionekani palepale. Huonekana wiki kadhaa baadaye, mlango wa kontena unapofunguliwa Ulaya.

Usidhani kwamba kazi hii ilipata kuwa rahisi. Tarehe 15 Februari 1882, meli ya matanga iitwayo Dunedin iling'oa nanga New Zealand ikiwa imebeba takriban kondoo 5,000 waliochinjwa na kugandishwa, wakapozwa njiani kwa mtambo wa mvuke. Ilifika London baada ya siku 98. Katika maeneo ya joto hewa baridi haikuenea vizuri, na nahodha Whitson akaingia mwenyewe ndani ya mfereji wa hewa kukata matundu. Nusura afe kwa baridi. Nyama ilifika salama, na biashara ya taifa zima ikabadilika. Wakati ule nahodha aliyaona matatizo kwa macho yake. Leo kontena lina vipimajoto vinavyoandika saa kwa saa. Kwa hiyo swali letu si tena kama ukweli unajulikana, bali unajulikana kwa nani.

Hapo ndipo penye kidonda. Mkulima huuza matunda kwa wakala au kampuni, na malipo yake yote au sehemu yake husubiri taarifa kutoka ng'ambo. Taarifa ikija kwamba mzigo umefika umeiva kupita kiasi, hukatwa fedha. Akiuliza sababu, huambiwa kwamba matunda yake yalikuwa mabaya. Huenda ni kweli, huenda aliyachuma kabla hayajakomaa. Huenda pia kontena lilikaa siku mbili bila umeme. Na huenda ni vita tu: mwishoni mwa mwaka 2023, meli nyingi zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kuongeza takriban wiki mbili katika safari ya tunda ambalo uhai wake huhesabiwa kwa wiki. Bila daftari, makosa yote haya hutua kwenye bega moja, lile la mnyonge. Kwa wale wengine, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tuna funzo letu wenyewe katika jambo hili. Mwaka 1999, kufuatia habari za sumu kutumika katika uvuvi, samaki wa Ziwa Victoria walizuiwa kuingia katika soko la Umoja wa Ulaya. Viwanda vilipunguza kazi au vikafungwa, na wavuvi wasio na hatia wakaumia pamoja na wenye hatia. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2000, baada ya ukaguzi na upimaji wa maabara kuimarishwa hata ukaaminika. Serikali ilijifunza kwamba soko hudai ushahidi, wala haliridhiki na viapo. Nami nauliza: ikiwa tuliweza kujenga utaratibu wa kumthibitishia mlaji wa Ulaya, kwa nini tushindwe kumthibitishia mvuvi wa Masaka na mkulima wa parachichi wa Uganda? Ushahidi unapanda kwenda kwa tajiri; nasi tuutengenezee njia ya kushuka.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba kumbukumbu hizo ni siri za biashara. Lakini mkulima haombi kujua bei wala jina la mteja. Anaomba kujua joto, tarehe na mahali. Watasema pia kwamba hataelewa michoro yenyewe. Hilo ni deni letu sisi walimu. Mtu anayejua kusoma kalenda ataweza kusoma mstari unaopanda na kushuka, akielezwa kwa lugha anayoifahamu. Na ikiwa daftari litaonyesha kwamba kosa ni la mkulima mwenyewe, vema. Atalipa deni lililo lake, si la mwingine.

Basi wewe ufanye nini? Yamkini nyumbani kwenu kuna mzazi au jirani aliye mwanachama wa ushirika. Msomee mkataba wake kabla hajatia sahihi, na umsaidie kuuliza maswali manne. Mzigo ulikuwa na joto gani ulipopakiwa? Nani atatupatia kumbukumbu ya joto ya safari nzima? Kontena lilikaa muda gani mpakani na bandarini? Nani aliukagua mzigo ulipofika, na ripoti yake iko wapi? Majibu ya maswali hayo yaandikwe ndani ya mkataba kama sharti: pasipo kumbukumbu, pasiwe na makato.

Kwa upande wa serikali, tudai sheria inayosema hivyohivyo. Tudai pia kwamba malori ya vyakula vinavyoharibika upesi yapewe nafasi ya kwanza mpakani, na kwamba maegesho yake yawe na umeme. Afisa anayelichelewesha lori la baridi bila sababu anakula sehemu ya mavuno ya mtu asiyemjua, hata kama hakupokea shilingi. Naye mkulima akiwa na daftari mkononi, ataweza kuonyesha siku, saa na mahali ambapo mali yake iliharibiwa, na kumtaja anayestahili kulipa.