Msiisingizie lugha yetu

Mwandishi mmoja amedai kwamba vijana wa Fizi na Baraka, kule Kongo, huchanganya "advice" na "advise" kwa kuwa Kiswahili hakitengi nomino na kitenzi. Hapana, ndugu yangu. Muuza dagaa wa ufukweni Baraka hajawahi kuchanganya mkopo na kukopa. Hata kukopa na kukopesha anavitenga, tena kwa ukali siku ya kudai chake. Kibembe, lugha ya wenyeji wa huko, nacho kina viambishi vyake vya kutenga nomino na kitenzi.

Shida iko kwenye tahajia ya Kiingereza chenyewe. "Advice", nomino, husikika kwa s. "Advise", kitenzi, kwa z. Hapo sikio linatosha. Lakini "practice" na "practise" hutamkwa sawasawa: Waingereza huvitenga kwa herufi moja, Wamarekani huandika c kote. Sasa aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, akarudi Fizi kusoma kwa Kifaransa, alaumiwe kwa lipi?

Na hiyo dawa yako, ndugu mwandishi, ya kukariri orodha ya maneno haya haiponyi. Mwambie mwanafunzi atangulize "some" au "my". Neno likikubali, ni nomino, aandike c. Likitaka "to", aandike s, isipokuwa kwa "practise" mtahini wake akiwa Mmarekani.