Mgonjwa wa neva asilazimike kuficha anachomeza

Usiku mmoja nyumbani kwetu Ngoliba, kaka yangu mkubwa alianguka kando ya kitanda, akatetemeka mwili mzima na kutokwa povu mdomoni. Mama alidhani ni kifafa. Mimi nilijua kuna jambo lingine, lakini nikanyamaza.

Kaka alikuwa mwendeshaji bodaboda. Aligongwa na gari kwenye barabara ya kutoka Thika kuelekea Garissa, bega likavutwa kwa nguvu hadi neva zinazotoka shingoni kuingia mkononi zikararuka. Majeraha ya nje yalipona. Mkono ukabaki umening'inia, na ajabu ni kwamba mkono huo huo, ambao hausikii hata ukiuchoma kwa sindano, ndio unaomuuma kuliko kitu kingine chochote. Anasema ni kama moto, kisha kama kupigwa na stima, kisha moto tena.

Maumivu ya neva ndivyo yalivyo. Neva ni kama waya. Ikikatika au ikichunika, inaweza kuendelea kutuma habari za uchungu kwenye ubongo hata kama hakuna kidonda. Hayampati mwendeshaji boda pekee. Mwenye kisukari anayehisi nyayo zikiwaka usiku anayajua, na pia nyanya aliyewahi kuugua mkanda wa jeshi. Dawa za kawaida kama paracetamol huwa hazifui dafu.

Basi kaka akaenda kwenye duka la dawa, akauziwa tramadol bila karatasi ya daktari. Vidonge viwili kwa siku vikawa vinne, vikawa vinane. Rafiki akamwambia bangi itampa usingizi, akaanza kuvuta. Aliyekuwa akitumwa kununua vidonge ni mimi. Aliyekuwa akifungua dirisha ili moshi utoke kabla Mama hajarudi ni mimi pia.

Hospitalini tabibu alimuuliza kaka anatumia dawa gani. Akajibu, "Panadol tu." Mimi nikatazama sakafu. Aliogopa polisi, nami nilimwogopa Mama. Asubuhi nilishindwa kuvumilia, nikamfuata tabibu na kumweleza yote.

Hakufoka. Aliniambia tramadol ikizidi huweza yenyewe kumwangusha mtu kama mwenye kifafa. Kisha akasema alikuwa karibu kumwandikia amitriptyline, dawa ya zamani na ya bei nafuu ambayo hutuliza neva, lakini ikichanganywa na tramadol huongeza hatari hiyo hiyo. Wee, nilihisi baridi. Uongo wetu ulikuwa karibu kumrudisha sakafuni.

Ndiyo maana naandika. Kila mara bangi inapozungumziwa Kenya, mgonjwa husahaulika. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alipendekeza mswada wa kuihalalisha. Julai 2019 alifariki akiugua saratani. Katika kampeni za 2022, Profesa George Wajackoyah aliifanya bangi kuwa sera yake kuu, na wengi tukacheka na kucheza. Mazungumzo yakawa ya pesa, madeni ya nchi na mauzo ya nje. Nani aliuliza mtu mwenye neva zilizoraruka atalala vipi usiku wa leo?

Wapo watakaosema nawapa vijana wenzangu kibali cha kuvuta. La. Mwaka 2021 shirika la kimataifa la wataalamu wa utafiti wa maumivu, IASP, lilisema ushahidi uliopo hautoshi kuunga mkono matumizi ya jumla ya dawa za bangi kwa maumivu. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kidogo, wengine hawapati. Isitoshe, bangi ya mtaani haina kipimo. Hujui ina nguvu kiasi gani wala imechanganywa na nini, na kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakomaa, inaweza kumvuruga akili.

Lakini kutojua vizuri ni sababu ya kuchunguza. Desemba 2020, tume ya Umoja wa Mataifa kuhusu dawa za kulevya ilipiga kura kuiondoa bangi kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa vikali zaidi, na hivyo kutambua kwamba inaweza kuwa na faida za kitabibu. Nchi 27 ziliunga mkono, 25 zikapinga. Kenya ilikuwa miongoni mwa zilizopinga. Mwaka huo huo Rwanda iliruhusu ikuzwe kwa ajili ya dawa. Sisi bado tuko na sheria ya 1994, na mgonjwa anaendelea kununua kichakani.

Kuhusu dawa za jamii ya afyuni, kama tramadol na mofini, tusiende kombo upande wowote. Marekani walizigawa kama njugu, na mwaka 2021 pekee zaidi ya watu 80,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii hiyo, nyingi zikiwa za magendo. Kwa upande mwingine, mgonjwa wa saratani kufa akipiga mayowe kwa kukosa mofini ni aibu. Uganda ilionyesha njia ya katikati: tangu 2004, wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalum wanaruhusiwa kuandika mofini ya kunywa. Kwa maumivu ya neva dawa hizi si za kwanza, lakini anayezihitaji azipate kwa mtu anayejua anachofanya.

Ombi langu ni dogo. Vituo vya afya vya mashinani kama huku kwetu viwe na dawa za neva na tabibu anayeyajua maumivu haya, ili mtu asianze safari yake kwenye kaunta ya duka. Tramadol isiuzwe bila karatasi. Utafiti wa bangi kama dawa uruhusiwe, hospitalini na kwa kipimo. Na mgonjwa anayemwambia daktari ukweli asiogope kufungwa wala kuaibishwa.

Nawe kijana mwenzangu, kama kuna mtu nyumbani anayemeza vidonge kwa siri, usimfungulie dirisha kama nilivyofanya. Mpeleke hospitali, useme yote. Na asiache tramadol ghafla, maana mwili humgeuka, hupunguzwa polepole.

Kaka sasa yuko kwenye dawa nyingine na anaangaliwa kila mwezi. Maumivu hayajaisha. Lakini analala saa tano kwa usiku, na Mama anajua kila kidonge anachomeza.