Sumukuvu mpakani: Mkulima hatakausha mahindi ikiwa bei ni ile ile

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ambayo wengine huiita aflatoksini. Malori yaliyokuwa njiani yalikwama Namanga. Siku tano baadaye, Machi 10, zuio hilo liliondolewa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kuonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na cheti cha asili kitaje mahindi yalikotoka. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Waganda, pale Sudan Kusini iliposhikilia makumi ya malori ya mahindi na unga kwa sababu hiyo hiyo.

Wafanyabiashara wengi walisema wakati ule kwamba hiyo ni siasa tu. Huenda siasa haikukosekana, maana katika nchi zetu mahindi na siasa havikai mbali. Hata hivyo, sumu yenyewe si hadithi. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki dunia, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, na uchunguzi uliofuata ulihusisha ugonjwa huo na mahindi yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu. Tanzania nayo ilipata vifo mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Tangu hapo semina zimefanyika nyingi. Mkulima wa leo, awe wa Kibaigwa au wa Kitale, anajua kwamba mahindi huanikwa juu ya turubai na si kwenye udongo, kwamba punje zilizooza hutengwa, na kwamba gunia likae juu ya chaga. Elimu anayo. Kinachomshinda kuitumia ni hesabu, na hesabu hiyo tunaiandika sisi wanunuzi.

Tuchukue gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mkulima akiyaanika hadi yafike hapo, gunia lile litabaki na kilo 94.8 hivi. Kilo tano na kitu zimepaa angani. Ikiwa mnunuzi analipa shilingi 700 za Tanzania kwa kilo bila kuuliza unyevu, mkulima aliyekausha amepoteza zaidi ya shilingi 3,600 kwa kila gunia, tena baada ya kununua turubai na kushinda siku kadhaa akifukuza kuku na mbuzi. Jirani yake aliyepukuchua jana na kuuza leo amepata zaidi. Msimu ujao nani atamfuata nani?

Wapo wanaolaumu tabia za wakulima kwamba ni wazito kubadilika. Mwandishi haafiki. Mkulima anayeuza mahindi yenye maji kwa bei ya mahindi makavu ni mfanyabiashara mzuri tu, na ndiyo maana somo la semina linaishia pale dalali anapofika na mizani yake.

Ili mkulima asipate hasara kwa kukausha, bei ya mahindi makavu katika mfano wetu inapaswa kuwa juu kwa asilimia tano na nusu hivi, yaani kama shilingi 738 kwa kilo. Wengi watasema hiyo ni pesa nyingi. Lakini tazama upande wa lori. Semi-trela iliyobeba tani 30 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 imebeba zaidi ya tani moja na nusu ya maji yasiyotakiwa. Mafuta ya kuyasukuma maji hayo hadi mpakani umelipa wewe, na ukifika kwa mnunuzi mwenye kipima unyevu, atayakata kwenye uzito au atakurudisha. Tofauti ile ya bei si sadaka kwa mkulima, kwa kuwa unailipa hata sasa, ila unailipa mahali pabaya.

Kipima unyevu cha mkononi kinamfaa anayenunua kwa wingi. Asiye nacho atumie chupa: weka mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, usishangilie mapema, kwa sababu kati ya 15 na 13.5 bado kuna siku ya jua.

Tusidanganyane, ukavu peke yake hauondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kuvu huanza shambani, hasa mahindi yakipigwa na ukame au wadudu, na kupika hakuimalizi. Kwa ajili hiyo zipo dawa za kuvu rafiki kama Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015 na Tanzania 2018, ambazo hutupwa shambani kabla ya mavuno. Kasoro nyingine ni kwamba punje chache zenye sumu zinaweza kuharibu majibu ya mzigo mzima, na sampuli ya gunia moja isifanane na ya gunia la pili. Ndiyo sababu ya zile kelele za "nilipimwa nikapita, mpakani nikakataliwa". Anayechanganya mahindi ya wakulima hamsini katika lori moja bila kuyapima kwanza anacheza bahati nasibu, na cheti mkononi hakimsaidii.

Kwa wasafirishaji, unyevu hauishii ghalani. Mahindi yaliyopakiwa makavu hulowa chini ya turubai lililotoboka, na foleni ya siku tatu juani hupasha mzigo joto na kuyafanya maji yaliyomo yatafute pa kutokea. Mara nyingi dereva ndiye anayebebeshwa lawama. Inafaa unyevu upimwe wakati wa kupakia, mbele ya dereva, na kipimo kiandikwe kwenye hati ya mzigo pamoja na makubaliano ya nani atalipia siku za kusubiri mahindi yakikataliwa.

Halafu kuna swali ambalo halipendwi sana kwenye vijiwe vya mpakani: lori likikataliwa, mzigo huenda wapi? Kwa kawaida unageuza, unauzwa kwa bei ya kutupa katika soko la karibu, unakobolewa, na kufikia mwisho wa wiki ni ugali mezani kwa mtu asiyeona cheti chochote. Huyo mara nyingi ni mteja wa mtaani kwetu, na wakati mwingine ni utingo wa lori lile lile.

Mavuno ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania huanza Mei. Anayetaka mahindi makavu mwezi Julai atangaze bei mbili mapema, ya makavu na ya yenye maji, kabla turubai halijanunuliwa wala kuachwa dukani.