Kolwezi: Mcheza kiinimacho asimwachie mtoto jina la ulozi

Mchezo huu unajulikana. Kwenye sherehe ya shule, mcheza kiinimacho anamwita mtoto mmoja mbele ya watu. Anamgusa sikio, na noti ya franka 500 inatoka. Ukumbi unapiga kelele, mtoto anarudi kukaa, mchezo umeisha.

Kwa mtoto, pengine ndiyo kwanza unaanza. Kesho yake, huko Manika ao Dilala, jirani mmoja anaweza kuuliza: pesa ile ilitoka wapi, na kwa nini ilitoka kwa mtoto yule?

Katika nchi yetu swali kama hilo si la kuchekesha. Watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa sababu mtu aliwaita walozi. Katiba ya 2006, kipengele cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kipengele cha 160, inampa mwenye kosa hilo kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3, pamoja na faini. Lakini sheria hufika nyuma ya maneno ya kartie.

Ndiyo sababu wacheza kiinimacho wa Lualaba wanapaswa kufikiri juu ya mambo mawili: ni mtu gani anayeingia jukwaani, na mchezo unaishaje. Wengi wanafundisha vidole vyao miezi na miezi, lakini mambo haya mawili wanayaacha yajiendee.

Tuanze na mtu. Njia rahisi ni kujivika kama nganga: nguo nyeusi, macho makali, maneno yasiyoeleweka. Ni rahisi kwa sababu woga umekwisha kukaa ukumbini kabla yake. Mfaransa Robert-Houdin alitumia njia hiyo Algeria mwaka 1856, alipotumwa na serikali yake ili awatishe watu waliowaamini viongozi wao wa dini. Alikuwa na sanduku ambalo mtu mwenye nguvu alishindwa kuliinua, kwa sababu chini yake kulikuwa sumaku ya umeme. Mwishoni alimfanya kijana mmoja wa pale pale apotee. Yeye mwenyewe aliandika kwamba watu walikimbilia mlangoni kwa hofu, na huko wakamkuta kijana yule mzima. Baadaye wakalimani walipaswa kuwaeleza watu kwamba yote yalikuwa ni ufundi tu. Mwisho mzuri hauhitaji wakalimani kesho yake.

Katanga yetu ina mfano bora zaidi. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilicheza michezo ya kuigiza kwa Kiswahili cha hapa kwetu, na Mufwankolo akajulikana sana hata jina la mchezaji mwenyewe likafunikwa na jina la yule anayeigizwa. Watu walianza kucheka kabla hajafungua kinywa, kwa sababu walimfahamu: alifanana na mtu wa kwao.

Kiinimacho cha Kolwezi kinaweza kufanya vilevile. Mcheza anaweza kuingia kama négociant wa Musompo, na mzani wake na mashine yake ya kupima teneri. Mchimbaji anamletea mfuko wa mawe. Kila mara mfuko unapopimwa, kilo zinapungua, na négociant anaapa kwamba mzani hausemi uongo. Hapo hakuna anayefikiri juu ya ulozi. Kila mtu anacheka, kwa sababu wizi wa namna hiyo anaufahamu, na ana hamu ya kuona utaishaje.

Mwisho ndio utakaobaki kichwani mwa watu. Mtoto aliyeitwa kusaidia asirudi kukaa akiwa na siri ambayo si yake. Yeye ndiye apime mara ya mwisho, kilo zote zirudi, na noti za négociant zikutwe mfukoni mwa mchimbaji. Mwerevu anashindwa na mtoto, mbele ya wote, na mtoto anapigiwa makofi kwa jina lake.

Wengine watasema kwamba kueleza kunaua utamu. Ni kweli, lakini hakuna anayeombwa kufunua siri ya kazi yake. Mbinu ibaki kwake. Kinachotakiwa ni kwamba ukumbi uondoke ukijua aliyecheza ni nani: yule mtu mzima mwenye mikono myepesi, si mtoto.

Mcheza akimaliza, anafunga sanduku lake na kwenda. Mtoto anabaki kartieni. Mchezo unaomrudisha kwao akiwa na furaha, na majirani wakimwita shujaa wa mzani, ndio unaostahili makofi.