Kuta Zetu na Barabara za Kira

Kila ufikapo mwezi wa Juni, mwaka wa fedha unapofunga hesabu zake, wakuu wa miji yetu huwatangazia wananchi kazi zilizotendeka: lami iliyotandazwa, taa zilizosimamishwa, madarasa yaliyoezekwa, soko lililojengwa upya. Ni desturi njema, nayo yafaa iendelee. Lakini sisi tuvaao sare tumezoea kuzisikiliza taarifa hizo kama habari za watu wengine, kana kwamba wajibu wetu ni kuulinda mji tu, na mji wenyewe ni wa raia. Wazo hilo si sahihi, na ushahidi wangu ni Manispaa ya Kira.

Kira imepakana na Kampala upande wa mashariki, katika Wilaya ya Wakiso. Ndani yake mna Kireka, Bweyogerere, Kyaliwajjala na Namugongo, mahali ambapo mahujaji humiminika kila Juni 3 kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta huko wakazi wapatao 140,000. Ile ya 2014 ilikuta zaidi ya 300,000, na mwaka uliofuata mji ukapewa hadhi ya manispaa. Wilaya nzima ya Wakiso, kwa sensa ya 2024, ina watu zaidi ya milioni 3.4, nayo ndiyo wilaya yenye watu wengi kuliko zote nchini. Miongoni mwao wamo askari wengi mno. Wako wanaopanga chumba kimoja, kile kiitwacho muzigo, kwa sababu nyumba za kambini hazitoshi. Wako waliojinyima miaka mingi wakanunua kiwanja. Na wako wastaafu waliotia kiinua mgongo chao chote katika matofali.

Maendeleo yaliyopatikana hapana budi kuyakiri. Barabara ya mzunguko wa kaskazini, yenye urefu wa kilomita 21 hivi kutoka Busega hadi Bweyogerere, ilifunguliwa mwaka 2009, kisha ikapanuliwa. Mtambo wa maji wa Katosi, kando ya Ziwa Victoria, ulijengwa uweze kusafisha lita milioni 160 kwa siku, na sehemu hizi za mashariki ni kati ya zile uliokusudiwa kuzihudumia. Uwanja wa Namboole, uliofunguliwa 1997 na baadaye ukachakaa, ulikarabatiwa na wahandisi wa jeshi letu wenyewe. Mwaka 2024 ulipokea tena michezo ya kimataifa, na Agosti 2025 ukawa uwanja wa mashindano ya CHAN. Sioni aya kujivunia jambo hilo.

Hata hivyo, katika chuo cha ukadeti tulifundishwa kwamba umbali kwenye ramani si kitu mpaka ujue njia inapitika. Kilomita za lami husemwa kwa majumla. Mimi ningetaka taarifa ya mwaka iseme jambo moja zaidi: ni nyumba ngapi ambazo gari la zimamoto haliwezi kuzifikia?

Swali hili latuhusu moja kwa moja, maana zimamoto katika nchi yetu ni idara ya Polisi. Toka barabara kuu ya Kireka au Kyaliwajjala, uingie ndani hatua mia mbili. Njia hupungua, ikawa ya gari moja, kisha ya bodaboda, kisha ya mtu aliyejipanga ubavu kati ya kuta mbili. Nyumba hazina nambari. Mama apigaye simu usiku kwamba ameingiliwa na wezi huieleza nyumba yake kwa mwembe, kwa duka la rangi ya buluu, kwa kanisa lililo jirani. Koplo wa doria huachia gari mbali akakimbia kwa miguu, na mwizi anayezijua njia hizo huwa amekwisha kutoweka.

Asili ya mambo haya ni ardhi. Sehemu kubwa ya Wakiso ni ardhi ya mailo, iliyogawiwa tangu Mapatano ya 1900, na juu yake wamo wenye vibanja. Mwenye shamba hulikata vipande akauza kimoja kimoja, na kila mnunuzi hutaka kipande chake chote hadi sentimita ya mwisho. Sheria ya mwaka 2010 imeitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango miji, lakini ramani ya mpango huja aghalabu wakati kuta zimekwisha simama. Hapo manispaa itakayo kupanua njia yapaswa kubembeleza, kulipa fidia, au kwenda mahakamani. Fedha zikipatikana, kama zile za mpango wa miji ya Kampala Kubwa ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, nao Kira ikiwemo, kazi hukawia kwa ajili ya ukuta wa mtu mmoja.

Na ukuta huo mara nyingine ni wetu. Tusifichane. Nimemwona mwenzetu, mtu mpole kazini, aliyesogeza ukuta wake hatua tatu ndani ya njia, na majirani wakanyamaza kwa sababu ya sare inayoanikwa uani. Ofisa wa mipango alipofika kupima, aliulizwa kama anajua nyumba hiyo ni ya nani. Raia akitenda hivyo ni kosa. Askari akitenda hivyo ni kosa lile lile, na juu yake ameifanya sare kuwa fito ya ua wake.

Kadhalika wako wanaonunua viwanja bondeni, kwenye mapapi, kwa kuwa bei ni nafuu. Kinamasi cha Kinawataka kilikuwa kikipokea maji ya vilima vya jirani bila kumdhuru mtu. Kikijazwa kifusi, maji huingia vyumbani. Tena tunakumbuka Kiteezi, hapo jirani, ambako lundo la takataka za Kampala liliporomoka Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30. Polisi na wanajeshi walikuwa miongoni mwa waliofukua maiti. Waliofukua wanajua gharama ya nyumba iliyojengwa mahali pasipofaa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Askari anunuaye kiwanja aende kwanza kwa ofisa wa mipango wa manispaa, aitazame ramani kwa macho yake, kabla ya kumwamini dalali. Na yule ambaye ukuta wake umekwisha ingia njiani aubomoe mwenyewe, Jumamosi moja, kabla ya tingatinga na kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Matofali ni yake, atayatumia tena.